Kutoka Mombasa hadi Mkinga: kuandaa makao ya watoto kabla hawajaingia

Nyumba yenyewe iko Wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga, ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga. Ina mabweni mawili ya mita 9 kwa 6, jiko la nje, stoo, ofisi ndogo, vyoo vinne, kisima chenye pampu ya umeme na tangi la lita 5,000. Kibali kinaruhusu watoto 32. Hajaingia hata mmoja, na ndiyo maana kazi hii inafanywa sasa. Mafundi na wageni wasiojulikana hawatakiwi kuzunguka mabwenini watoto wakishaanza kulala humo.

Simulizi hii imeandikwa kwa ajili ya vikundi vya Mombasa, vya misikiti, makanisa, vyuo na vyama vya akina mama, vinavyopanga safari ya aina hii. Wengi hufika na ndoo za rangi mikononi. Rangi inapendeza pichani, lakini kinachomwua mtoto ni maji machafu, mbu na moto. Kwa hiyo utaratibu wa siku hizi saba umeanzia kwenye tangi, na brashi ya rangi haikuguswa mpaka siku ya nne.

Kabla ya kuondoka

Karatasi zianze wiki sita kabla. Mkenya anaingia Tanzania kwa pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria. Kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi, ingawa kinatosha kwenda Uganda na Rwanda, na hapo ndipo wengi hukwama. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, basi anayechanjwa Jumatatu ya wiki ya safari atarudishwa. Aliyechanjwa zamani hana haja ya kurudia, kwani tangu mwaka 2016 kadi hiyo inatambuliwa kwa maisha yote.

Kujitolea nchini Tanzania kunahitaji ruhusa hata kama hakuna mshahara. Kuna kundi la vibali vya ukaazi, Daraja C, linalohusu wanaojitolea. Kwa kazi ya siku chache, mwenyeji ndiye anayepaswa kwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa mapema, akiwa na majina, namba za pasipoti na barua ya kazi, ili aelekezwe kibali kinachofaa. Usimwambie ofisa wa mpakani kwamba unakwenda kutembea huku lori lako limejaa spana na brashi. Anayeumia zaidi kwa uongo huo ni mwenyeji, kwa sababu yeye anabaki na ofisi hiyo mwaka mzima.

Kila anayesafiri alete hati ya mwenendo mwema ya polisi, nakala ikae kwenye faili la makao. Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya ataiuliza, na ana haki. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka makao ya watoto chini ya leseni na ukaguzi, na anayegusa nyumba hiyo anaingia ndani ya ukaguzi huo.

Kuhusu mizigo, tunashauri kwa nguvu zote: beba vifaa vya kazi, bidhaa nunua Tanga. Magodoro, rangi, saruji, sufuria na neti vyote vinapatikana mjini Tanga. Mzigo wa misaada hausamehewi ushuru kwa sababu tu ni misaada. Msamaha huombwa mapema kwa maandishi, na usipokuwa mkononi lori litalala mpakani. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zinaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, lakini kwa vitanda na magodoro ya watoto 32 utavuka kiwango hicho upesi. Isitoshe, fedha inayotumika kwa fundi na duka la karibu na makao inawapatia watoto majirani wanaoijua nyumba yao.

Dawa zisibebwe kabisa, isipokuwa za msafiri mwenyewe pamoja na cheti cha daktari. Nguo za ndani za mitumba ni marufuku. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo pakia kwenye katoni, magunia au vikapu.

Vitanda viliagizwa kwa fundi wa kuchomelea wa Mkinga wiki tatu kabla ya safari, pamoja na mchoro wenye vipimo. Vipimo hivyo vimeelezwa siku ya tano.

Siku ya kwanza: barabara na mpaka

Kuondoka ni saa kumi na moja alfajiri. Anayetoka kisiwani anavuka feri ya Likoni kabla msongamano wa asubuhi haujaanza. Anayetoka Changamwe au Miritini hana haja ya feri tena, barabara ya Dongo Kundu inamtoa moja kwa moja upande wa kusini. Kisha ni Ukunda, Msambweni, Ramisi hadi Lunga Lunga, karibu kilomita 100, na mtu hufika kabla ya saa mbili na nusu kama hakusimama njiani.

Kikosi kina watu tisa kwenye matatu ya viti 14, na kanta moja ya vifaa. Kwa kila gari: kitabu halisi cha umiliki, barua ya mwenye gari ikiwa dereva siye mwenyewe, na kadi ya njano ya bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini inaitambua kadi hiyo. Inatolewa na kampuni ya bima ya gari lako hapo Mombasa, na ni nafuu kuliko kuhangaika na mawakala wa mpakani. Ongeza pembetatu mbili, mtungi wa kuzima moto na sanduku la huduma ya kwanza.

Mpaka huu ni wa kituo kimoja. Anayetoka Kenya hasimami Lunga Lunga kugonga mhuri. Anapitiliza hadi jengo la Horohoro, na humo maofisa wa nchi zote mbili wanamhudumia. Utaratibu ni huu: afya kwanza na kadi ya homa ya manjano, halafu Uhamiaji wa Kenya kutoka, Uhamiaji wa Tanzania kuingia, mwisho forodha. Kinachochelewesha ni forodha, na sababu yake karibu kila mara ni orodha mbovu.

Orodha nzuri ya vifaa inataja kila kitu kwa jina, idadi, namba iliyochapwa kwenye mashine, na thamani yake kwa shilingi. "Vifaa mbalimbali" si maelezo. Drili mbili, mashine ya kukatia chuma, jenereta ndogo, ngazi, pampu ya kunyonyea maji machafu: kila kimoja na mstari wake. Chapisha nakala nne, upate mhuri wa kuingia wenye maelezo kwamba vifaa vitarudi. Bila mhuri huo, utaulizwa ushuru Tanzania wakati wa kuingia, na utaulizwa tena Kenya wakati wa kurudi, kana kwamba umevinunua ng'ambo.

Kutoka Horohoro hadi Tanga mjini ni lami ya kilomita 65. Mwendo ni kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi, na askari wa barabarani huwa palepale kibao kinapoanza. Kanta lilikwenda moja kwa moja Tanga kununua bidhaa, na matatu ikaingia Mkinga. Kwa kila ununuzi dai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi ya dukani, na uiweke karibu na dereva. Mzigo mpya usio na risiti hiyo hauna maelezo mbele ya mkaguzi.

Kabla ya kushusha hata ndoo, kikosi kilipita kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti kutoa barua na kusalimu. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka huu, na mwenyeji wa Kwale kikosini aliposema "Shikamoo mzee" na kuendelea kwa Kidigo, mazungumzo hayakuhitaji mkalimani wala haraka. Hapo ndipo hupatikana jina la fundi umeme mwenye leseni, mahali pa kununua mchanga usio na chumvi, na habari za kisima kilichowahi kukauka.

Siku ya pili: maji

Siku nzima ni ya maji, na haikatwi.

Hesabu inaanza na watu. Watoto 32 na walezi sita ni 38, na kwa lita 50 kwa mtu kwa siku yanahitajika maji lita 1,900. Tangi la lita 5,000 linatosha siku mbili na nusu bila umeme. Tangi dogo kuliko hilo lisikubaliwe, hata likitolewa bure.

Tangi lililojaa lina uzito wa tani tano. Kagua mnara wake kwanza: nguzo zimesimama wima, zege la chini halijapasuka, na jukwaa la juu ni bapa na limejaa kote. Tangi la plastiki likikalia mbao zilizoachana au jiwe lililochomoza, kitako hupasuka baada ya miezi, na ufa wa kitako haukarabatiki vizuri. Kwenye udongo wa kichanga wa pwani, mnara huanza kuinama upande ambao maji ya kufurika yanamwagikia. Dawa yake ni bomba la kufurikia linalopeleka maji mbali na msingi, na boya zima ndani ya tangi. Jukwaa la mita 3 linatoa msukumo wa kutosha kwa bomba la kunawia na bafu la kawaida.

Kusafisha. Toa maji yote kwa bomba la chini. Mtu mmoja anaingia ndani, mwingine anabaki mdomoni ameshika kamba, na hakuna anayeingia klorini ikishatiwa. Sugua kwa brashi ya plastiki na maji matupu. Steelwulu na msasa vinachubua plastiki, na utelezi hujificha kwenye michubuko hiyo. Matope ya kitako yatolewe kwa kopo na kitambaa, maana bomba la chini liko juu ya kitako kwa sentimita kadhaa na haliwezi kuyamaliza.

Kuua vijidudu. Kipimo ni miligramu 50 za klorini kwa lita. Kwa lita 5,000 hizo ni gramu 250 za klorini halisi, na ukitumia klorini ya unga ya asilimia 65 unahitaji gramu 385. Ukikosa unga ukapata dawa ya maji ya asilimia 3.5, tumia lita 7 na robo. Koroga unga kwenye ndoo ya maji. Unga ndio unaotiwa kwenye maji, usimwage maji juu ya unga mkavu, na usiusogeze karibu na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu vikikutana hutoa gesi ya sumu. Vaa glavu na miwani. Jaza tangi nusu, tia mchanganyiko, jaza hadi juu. Kisha fungua bomba moja moja nyumba nzima, kuanzia la karibu hadi la mwisho, mpaka harufu ya klorini itoke kila mahali, ufunge. Wanaosahau hatua hii huishia na tangi safi na mabomba machafu.

Yakae usiku kucha, saa 24 ikiwezekana. Maji hayo hayanywewi wala hayamwagwi kwenye mashimo ya choo, kwa kuwa yataua bakteria wanaoozesha kinyesi. Yamwage uwanjani, mbali na kisima na miti. Jaza upya, suuza, jaza tena.

Baada ya hapo, klorini ya kila siku ni kidogo mno: miligramu 2 kwa lita, yaani gramu 15 za unga ule ule kwa tangi zima. Subiri nusu saa, pima kwa vidonge vya kupimia kwenye bomba la mbali kabisa. Kipimo kikisoma kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, maji ni salama. Kikisoma sifuri, klorini imeliwa na uchafu uliobaki, au maji ya kisima yana tope, na hapo kuongeza klorini peke yake hakusaidii. Chuja kwanza. Mama mlezi mkuu alifundishwa upimaji huu kwa mikono yake mwenyewe, akarudia mara tatu, na kijiko cha gramu 15 kikatiwa alama na kufungwa kwenye kopo la klorini.

Umbali kutoka kisima hadi shimo la choo la karibu upimwe kwa utepe, usikadiriwe kwa macho. Unatakiwa usipungue mita 30. Ukiwa pungufu, maji ya kisima hicho ni ya kufulia na kusafishia, na ya kunywa yatoke kwingine.

Bomba za kunawia mikono zimewekwa mbili kwa urefu wa sentimita 60 na mbili kwa sentimita 90. Mtoto wa miaka minne asiyefikia bomba hatanawa, hata umwimbie wimbo gani wa usafi.

Siku ya tatu: paa, umeme na njia ya kutokea

Paa lilikaguliwa kwa kukaa ndani ya bweni mchana, taa zimezimwa, milango imefungwa. Penye tundu mwanga unajionyesha. Misumari iliyolegea ilibadilishwa kwa mipana yenye mpira, na matundu madogo yakazibwa kwa lami ya paa. Mabati yakipigwa msumari kwenye bonde badala ya mgongo yatavuja hata yakiwa mapya. Ukikuta nyumba ya zamani yenye paa la saruji ya asibesto, usilipande, usilitoboe wala kulisugua. Acha hivyo hivyo umwite mtaalamu.

Umeme ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, si mjitoleaji mwenye bisibisi. Alichotakiwa kufanya: kufunga kikata umeme cha miliampia 30 kinachozima mkondo ukivuja, kuhamisha soketi za mabweni hadi mita 1.5 kutoka sakafuni, kutenga waya wa pampu na wa taa, na kupima waya wa ardhini. Mchanga mkavu wa pwani haupitishi umeme vizuri, hivyo fimbo fupi ya ardhini inaweza kuwapo na isifanye kazi. Dawa ni kuongeza fimbo nyingine na kuziunganisha. Kile kitufe chenye herufi T kwenye kikata umeme kibonyezwe kila mwezi, siku ile ile ya kununua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ili kisisahaulike.

Halafu madirisha. Hapa tunasimama kidete, kwa sababu Kenya imezika watoto wengi waliokufa kwenye mabweni yenye milango iliyofungwa na vyuma madirishani. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataka bweni liwe na mlango kila mwisho, milango ifunguke kwenda nje, madirisha yasiwe na vyuma, nafasi ya mita 1.2 kati ya vitanda na ujia usiopungua mita 2. Ni mwongozo wa Kenya na ni wa shule, lakini moto haujui mpaka. Tuliuchukua kama kipimo cha chini.

Nyumba hii ilikuwa na mlango mmoja kwa kila bweni, na vyuma kila dirisha. Fundi alitoboa mlango wa pili upande wa pili, akageuza ule wa kwanza ufungukie nje. Mwenyeji alihofia wezi, na hofu hiyo ina msingi. Suluhisho lilikuwa kuweka komeo la ndani lisilotumia ufunguo, linalofikiwa na mtoto mdogo, na kukata vyuma vya madirisha mawili ya kila bweni viwe kama mlango mdogo wenye bawaba, nao ukae kwa komeo la aina hiyo hiyo. Kufuli hairuhusiwi popote usiku. Mtungi wa kuzima moto, wa unga wa kilo 9, ulitundikwa nje ya kila bweni, si ndani, kwani anayekimbia moto harudi ndani kuutafuta.

Siku ya nne: kuta

Kuta za pwani zinatoa chumvi. Ule unga mweupe na rangi iliyobanduka kuanzia sakafuni hadi magotini ni maji ya ardhini yanayopanda ukutani na kuacha chumvi yanapokauka. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake, unayafungia maji ndani, na baada ya masika rangi yote itavuliwa kama ganda la kitunguu. Kwangua hadi plasta, piga brashi kavu ya nyuzi za chuma, fagia unga wote. Usioshe kwa maji, chumvi itayeyuka na kuingia tena. Sehemu hiyo ya chini, mita moja hivi, ipakwe chokaa, kwa sababu chokaa inapumua na marudio yake ni rahisi kila mwaka. Juu yake tumia rangi ya maji. Chagua makopo yaliyoandikwa kuwa hayana madini ya risasi, maana watoto wadogo hula mabaki ya rangi.

Plasta mpya iliyozungushwa milango jana yake haikupakwa rangi. Inahitaji wiki nne kukauka. Imeachwa, na kopo lake limebaki stoo likiwa na karatasi yenye tarehe ya kupaka.

Hesabu ya rangi kwa bweni moja: mzunguko wa mita 30 kwa urefu wa mita 3 ni mita za mraba 90. Toa milango miwili na madirisha manne, zinabaki kama 78. Mikono miwili ni 156. Lita moja hufunika mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, na kama 8 kwenye plasta ya kukwaruza. Kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 inatosha bweni zima bila kubaki nyingi. Kwa kuwa tulipaka chokaa sehemu ya chini, ilibaki ya kumalizia ofisi.

Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri ndio muda wa kupaka. Mapema zaidi ukuta una umande, na usiku unyevunyevu wa bahari hauruhusu kukauka. Hii ndiyo sababu safari za aina hii zifanywe Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, kuepuka masika na vuli.

Siku ya tano: mkono wa pili na vitanda

Mkono wa pili ulimalizika saa saba mchana. Neti mpya zenye dawa zilifunguliwa siku hii na kuanikwa kivulini zipate saa 24 za hewa kabla ya kutumika, ili mtoto asiwashwe uso usiku wa kwanza.

Vitanda ni vya chuma, vya ghorofa, futi 3 kwa 6, vya kufungwa kwa bolti za M10 na spana namba 17. Kitanda kilichochomelewa kizima hakipiti mlangoni na hakirekebishiki mguu mmoja ukioza kwa kutu. Kila kimoja kina upana wa mita 0.95 nje. Vinne ukutani kwa urefu wa mita 9, mita 1.2 kati yao, vinabakiza sentimita 80 kila pembe. Vichwa ukutani pande zote mbili, na ujia wa katikati unazidi kidogo mita 2. Vitanda vinane kila bweni, watoto 16. Mtu atasema pana nafasi ya kuongeza viwili. Haipo, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo njia ya kukimbilia.

Kinga ya kitanda cha juu ilikuwa kipimo muhimu kuliko vyote kwenye mchoro. Inatakiwa izidi godoro kwa sentimita 16 angalau. Godoro la inchi 4 ni sentimita 10, kwa hiyo kinga iliagizwa sentimita 30 kutoka kitako cha kitanda. Akija mfadhili mwema akaleta magodoro ya inchi 8, kinga itabaki sentimita 10 tu na mtoto ataanguka. Maneno "godoro inchi 4, si zaidi" yameandikwa kwa rangi kwenye kila fremu ya juu. Pengo kati ya fito lisizidi sentimita 7.5, kichwa kisipenye. Aliye chini ya miaka sita halali juu.

Kila bolti ikazwe, kitanda kitikiswe, ikazwe tena. Bolti za chuma kipya hulegea wiki ya kwanza, na mlezi ameachiwa spana mbili kwa kazi hiyo.

Siku ya sita: neti, jiko na stoo

Neti ya juu imetundikwa kwenye waya wa mabati uliovutwa urefu wa bweni. Ya chini imefungwa kwenye fremu ya kitanda cha juu, na urefu uliozidi umechomekwa chini ya godoro pande zote. Neti zifuliwe kwa sabuni ya kawaida bila dawa ya kung'arisha, zianikwe kivulini. Nyavu za madirisha ni za plastiki, kwani za chuma zinaliwa na hewa ya bahari upesi.

Jikoni, mlango wa nusu wenye urefu wa sentimita 90 umewekwa ili mdogo asiingie penye sufuria inayochemka. Majiko banifu mawili yamepata bomba la moshi linalopita juu ya paa. Bomba fupi kuliko paa hurudisha moshi ndani upepo wa kusi ukivuma.

Chakula cha mwezi kwa watu 38, kwa gramu 400 za nafaka, 60 za maharagwe na 25 za mafuta kwa mtu kwa siku, ni magunia matano ya mahindi ya kilo 90, maharagwe kilo 68 na mafuta lita 31. Mahindi yakaguliwe unyevu kabla ya kupokelewa, yasizidi asilimia 13.5, vinginevyo huota sumukuvu ambayo haionekani na haifi kwa kupika. Asiye na kipimo atumie chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi theluthi moja, vijiko viwili vya chumvi kavu, atikise dakika tatu, aache itulie. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, mahindi hayajakauka. Magunia yakae juu ya chaga za mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani, ili panya asipate pa kujificha na paka apate pa kupita.

Ofisini kumewekwa kabati la chuma lenye kufuli kwa mafaili ya watoto, na kwenye kibaraza mabenchi mawili na meza. Kibaraza hicho ni cha ndugu. Watoto wengi wa makao kama haya wana bibi, mjomba au mzazi mmoja aliye hai, na sehemu njema ya kuketi nao Jumapili ndiyo inayofungua mlango wa mtoto kurudi kwao. Tuliipa alasiri nzima na hatukuiona hasara.

Siku ya saba: makabidhiano na kurudi

Asubuhi, Afisa Ustawi wa Jamii alipita na orodha yake. Walezi walifanya zoezi la moto: taa zimezimwa, filimbi inapulizwa, milango yote inafunguliwa gizani kwa kupapasa. Komeo moja lilikuwa gumu, likatiwa mafuta na kujaribiwa upya na mlezi mwenye mikono midogo kuliko wote.

Vilivyoachwa kwa maandishi na sahihi za pande mbili: klorini kilo 2 kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, vidonge vya kupimia, boya moja la akiba, neti sita, bolti 20, makopo ya rangi ya plasta mpya, na daftari lenye kurasa za kila mwezi za klorini, kitufe cha T, mitungi ya moto na bolti za vitanda. Risiti zote za EFD zimeachwa nakala, halisi zimerudi kwa wachangiaji wa Mombasa pamoja na hesabu. Picha zilizopigwa ni za nyumba tupu, na ndizo pekee zitakazoonyeshwa wachangiaji hata watoto wakishaingia.

Kurudi, utaratibu wa mpaka unageuka: unapitiliza Horohoro na kuhudumiwa Lunga Lunga. Orodha yenye mhuri inatolewa kabla haijaulizwa, kanta linafunguliwa nyuma, na kila mashine inasomwa namba yake. Vifaa vilivyoachwa kwa makao, kwa mfano zile spana mbili, viandikwe wazi kuwa vimebaki, na barua ya makao iambatishwe. Forodha ikimalizika kabla ya saa tisa alasiri, feri ya Likoni inafikiwa kabla ya foleni ya jioni. Ikichelewa, pitia Dongo Kundu.